Nilivyokwenda Gatina Kumdai Duncan

Zamani Wazungu walitembea miezi na miezi kutafuta chanzo cha mto Nile, wakarudi kwao na malaria na sifa. Mimi nimetembea saa mbili na nusu kutoka Gatwekera hadi Gatina, kule Kawangware, kufuatilia jina langu mwenyewe, na nimerudi na malengelenge kwenye visigino. Sifa bado nazingoja. Nawaandikia majirani zangu wa hapa Kibera kwa sababu wengi wenu mliniona nikiondoka nimevaa koti la harusi, na tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kulikwendaje. Kila aliyeuliza nilimpa jibu tofauti. Hili ndilo la kweli.

Sababu ya safari ilikuwa mtoto. Binti yangu wa pekee, Lilian, anaishi Gatina na kijana wa Kikuyu anayeitwa Njoroge, fundi wa simu, na mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kiume. Mke wangu Consolata alikwenda wiki ya kwanza kumsaidia kumwogesha mtoto, akarudi na habari kwamba mtoto ameitwa Duncan. Mimi ndiye Duncan. Duncan Ouma, fundi cherehani, mwenye kibanda karibu na reli. Sina mtoto wa kiume, na nilishazoea kufikiri kwamba nikifa jina langu litazikwa nami na cherehani itauzwa kwa kilo. Kwa hiyo nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Nilimtangazia muuza maji, nikamtangazia mchungaji, nikawatangazia hata wale vijana wa kamari pale juu ambao hawakuniuliza. Kisha nikashona suti ya kaunda ya kitambaa cha kijivu, mifuko minne, ambayo mtoto ataweza kuivaa atakapofika darasa la kwanza.

Mama yangu hakufurahi. Yuko nasi tangu Krismasi akihudhuria kliniki ya macho, na macho yake ni mabovu lakini masikio hayana shida yoyote. Kwetu Wajaluo mtoto hupewa jina la aliyekufa, na mara nyingi marehemu mwenyewe huja katika ndoto kuliombea nafasi. Kumpa mtoto jina la mtu anayepumua ni kumwonyesha mtu huyo njia ya kaburini. Basi kuanzia siku hiyo mama alinihesabu kuwa maiti. Alikuwa akiamka alfajiri na kuniuliza kama kifua kinaniuma, ugali wake akawa anauacha nusu, na mwishowe akaniamuru niende Kawangware nikaliondoe jina langu kwa mtoto kabla halijanimaliza.

Pigo la pili lilitoka kwa mama Shiro, Mkikuyu anayeuza mboga za sukuma mbele ya kibanda changu. Alinivumilia siku tatu nikijisifu, na siku ya nne akamwuliza Consolata babake Njoroge anaitwa nani. Consolata, huku akichagua nyanya, akasema anaitwa Duncan pia. Mpaka leo sijui kwa nini mke wangu hakuona kwamba hilo ni jambo la kuniambia. Mama Shiro akanitazama kwa huruma. Kwao, alieleza, kijana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume, na hakuna mjadala. Mtoto alikuwa wa Duncan yule, si wa Duncan huyu. Halafu akaona uso wangu ulivyoanguka, akaniuliza kama hao watu walishakuja kwangu kumwomba msichana. Nikasema hawajawahi hata kupiga hodi.

"Basi huyo si bibi ya mtu bado," akasema. "Msichana akizaa kabla hajaombwa, kijana anaitwa jina la baba ya msichana. Hiyo ni sheria yetu, na huyo mzee wa Gatina anaijua. Enda umwambie."

Nikawa na safari moja yenye kazi mbili zinazogombana: mama alinituma nikaliondoe jina, nami nilikuwa nakwenda kulidai. Ningemwambia mama kwamba kuna Duncan mwingine, angelala usingizi siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Niliona afadhali aogope kifo changu kuliko ajue kwamba mtoto hakuitwa mimi, na hilo nalikiri hapa bila kujitetea.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, niliondoka Gatwekera kwa miguu. Nauli nilikuwa nayo, lakini nilitaka muda wa kupanga maneno. Consolata alinitengea chai na mandazi na kunikumbusha nishibe, kwa maana kwetu baba wa msichana hali wala hanywi kwa wakwe ambao hawajaja kumwomba binti yake. Akila, amekubali kila kitu, na msichana amekwisha kuwa wao. Nikamwambia najua. Lakini tumbo lilikuwa limejaa hotuba, na mandazi niliyaacha mezani.

Kwenye mfereji wa maji nilifanya utafiti wangu wa kwanza. Nilisimama nikaita "Duncan" kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka. Waligeuka watatu: fundi wa bomba, mwimbaji wa kwaya yetu, na mmoja ambaye hakungoja kujua anaitiwa nini, akapotea nyuma ya vyoo. Hao ni kwa mfereji mmoja. Mkiwakusanya Duncan wote wa kata ya Sarang'ombe mnaweza kuunda timu mbili za kandanda na refa, na hakuna hata mmoja atakayewaambia jina hilo lina maana gani.

Saa tatu kasorobo nilifika Ayany, ambako nyumba zina mageti na mageti yana walinzi. Mlinzi wa geti la kwanza ni mteja wangu. Nilimshonea sare mwaka jana. Yeye ni Mluhya, naye ni Duncan. Nilimwuliza nani alimpa jina, akasema ni baba yake, kwa hesabu zake mwenyewe. "Mzee alisema mtu anaitwa Duncan hawezi kosa kazi ya ofisi," alinieleza, na hapo ikabidi akatize mazungumzo, akaweka rungu chini na kulifungulia geti gari la mtu wa ofisi.

Kutoka hapo nilipita Jamhuri nikatokea Ngong Road, na viatu vya harusi vikaanza kunionyesha kwa nini watu huvivaa mara moja tu. Nilikuwa naikariri hotuba yangu kimoyomoyo. Toleo la kwanza lilikuwa na heshima nyingi na lilichukua urefu wa ukuta mzima wa uwanja wa maonyesho. La pili lilikuwa fupi na la matusi kidogo. Nilipofika kwa mafundi wa vitanda na makochi wanaopanga kazi zao kando ya barabara, nilikuwa nimebakiwa na swali moja tu, na nililipenda kwa sababu lingemfanya mzee ajihukumu mwenyewe: "Na kama msichana hajaombwa?" Nilikaa dakika tano kwenye kochi jipya ambalo sikuwa na nia ya kulinunua, nikalisema swali hilo kwa sauti. Fundi akaniuliza kama ninaongea na yeye.

Saa nne hivi nilikunja Dagoretti Corner nikashika Naivasha Road, na muda mfupi baadaye nikaingia Kawangware. Kwa ninyi ambao hamjafika, Kawangware ni sisi tukiwa na lami zaidi kidogo. Kuna mitumba, kuna viazi vya kukaanga, kuna mhubiri mwenye kipaza sauti anayeshindana na muuzaji wa sumu ya panya mwenye kipaza sauti kikubwa zaidi. Tofauti niliyoiona ni moja. Kwetu mwenye nyumba ni jina tu, mtu anayesemekana anakaa mbali. Gatina mwenye ploti anakaa ndani ya ploti yake, na asubuhi anakuona ukienda kuoga.

Saa nne na nusu nilisimama mbele ya geti la bluu la babake Njoroge. Kabla sijabisha, mwanamke mmoja ndani aliita "Duncan!" na nikajibu "naam" kwa mazoea. Waliofika getini walikuwa watoto wanne, wote wavulana, kila mmoja akidhani ni yeye. Njoroge alitoka mbio nyuma yao na kipande cha simu mkononi. "Karibu, dadi," akasema, na nikaona kwamba ameingiwa na woga. Hilo lilinipa nguvu.

Mzee anaitwa Duncan Mbugua. Ni mrefu, ana upara anaoufunika kwa kofia ya sufu, na ana njia ya kumsikiliza mtu akiwa amefumba jicho moja kana kwamba anapima ubao. Alinipa kiti kizuri uani, chini ya mabati, akaniuliza habari za Gatwekera kama mtu anayeuliza habari za ng'ambo. Kisha akanifahamisha kwa wale wavulana wanne. Ana wana watano, Njoroge akiwa kitinda mimba, na kila mwana anapopata kijana wa kwanza humpa jina la mzee. Kwa hiyo kuna Duncan Mkubwa, Duncan wa Maina, Duncan Meno na Duncan Dogo. Mjukuu wangu ni wa tano na bado hajapewa la kumtofautisha. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi jina hili lilivyoenea Nairobi. Hatukulichagua. Mtu mmoja alipewa mara moja, na tangu hapo linazaa.

Mama Mwangi, mke wa mzee, akaleta chai ya maziwa na sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, yenye mvuke. Nikashukuru, nikaiacha. Mzee akanitazama kwa lile jicho moja. Akasema labda naogopa mukimo, akaagiza mkate. Nikashukuru, nikauacha na mkate pia. Njaa ilikuwa inanitafuna tangu Jamhuri, na mvuke ule ulikuwa unapanda moja kwa moja puani mwangu, lakini nilikaa kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima.

Ili nisiutazame mukimo nilimwuliza jina lake lilitoka wapi. Swali hilo alilipenda. Babake alikuwa mtunza bustani wa mmishonari wa Uskoti kule Thogoto, na mzee alinikumbusha kwamba hata Thogoto yenyewe ni jina lile lile la Uskoti lililopitia mdomo wa Kikuyu. Siku ya ubatizo mmishonari aliwapenda sana, akampa mtoto jina lake mwenyewe. "Hii jina ilitoka kwa mtu wa Mungu, ikakuja straight kwangu," akasema. Njoroge, kwa kutaka kusaidia, akatafuta kwenye simu akatusomea. Jina ni la kale sana, la lugha ya Waskoti ya zamani, kabla hawajaanza kuongea Kiingereza. Maana yake ni shujaa wa rangi ya kahawia. Mzee akavua kofia, akajipapasa upara, akaniuliza kama hiyo kahawia ni ya chai au ya mchanga. Njoroge akaendelea: siku hizi kwao ni jina la wazee, na zamani kulikuwa na wafalme wawili wa Uskoti walioitwa Duncan, na wote wawili waliuawa. Nilishukuru kwamba mama hakuwapo.

"Na yako?" mzee akaniuliza. Nikamwambia baba yangu alifanya kazi kwa mzungu mkubwa wa reli, nikaishia hapo. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

Karibu saa sita Lilian alitoka ndani na mtoto begani. Alikuwa amepungua, amejifunga leso, na alinisalimia kwa sauti ndogo bila kukaa. Wake za kaka zake Njoroge, wanne, walikuwa mlangoni pa jikoni wakimenya viazi na kusikiliza. Nikaona wakati umefika. Nikamwuliza mzee, kwa unyenyekevu wa uongo, kwao kijana wa kwanza ni wa nani.

"Ni wangu," akasema. "Si mimi nilitunga hiyo sheria. Wa pili atakuwa wako, na huyo pia tutamwita Duncan."

Nikauliza kama ndugu wawili wataitwa Duncan na Duncan katika nyumba moja. Akasema mtoto hujua mwenyewe kama ni yeye anayeitwa.

Nikafungua mdomo. Swali langu lilikuwa tayari, maneno manne tu, na nilijua mzee hangeweza kulijibu bila kunipa mtoto. Ndipo nikamwona Lilian. Alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni, na mkono ukawa umesimama. Hakuwa ananitazama mimi; alikuwa anawatazama wale wanawake wanne mlangoni. Wale wote waliombwa, wazee wakaenda kwao wakapokewa. Nikielezea ile sheria ya mama Shiro, nitakuwa nimesema mbele yao kwamba huyu wa tano si mke wa mtu, ni msichana tu aliyezaa, katika ua huu huu ambamo kesho ataanika nguo na kesho kutwa atachota maji. Jina nitapata. Halafu mimi nitarudi kwangu, na yeye atabaki hapa.

Niliona aibu. Niliona aibu kwa lile koti, kwa hotuba, na kwa barabara yote ile niliyotembea nikijifunza jinsi ya kumuumiza mtoto wangu kwa adabu.

Nikachukua kikombe. Chai ilikuwa imepoa na imefanya utando juu. Niliinywa yote, nikaweka kikombe chini, nikavuta sahani ya mukimo.

Njoroge, ambaye Lilian alishamfundisha desturi zetu, aligeuka akatazama ukuta, na nadhani alikuwa anafuta macho. Mzee Mbugua alivuta pumzi ndefu, akamwambia mkewe aniongezee. Nilipokuwa kwenye sahani ya pili alisema, bila kuulizwa, kwamba wamechelewa sana kufika Gatwekera na kwamba mvua zikiisha watakuja, yeye na wazee wenzake, akaniuliza ningependa waje siku gani. Nikasema Jumamosi ni nzuri, lakini wasivae viatu vya harusi.

Baada ya kushiba nikaona si vizuri kumdanganya mkwe. Nikamwambia ukweli wa jina langu. Yule mzungu wa reli alikuwa na jina ambalo baba yangu hakuweza kulitamka hata siku moja. Duncan alikuwa mbwa wake. Baba alikuwa mpishi, na kila jioni alimpikia yule mbwa nyama ya ng'ombe, naye akala ugali kwa mboga. Akaapa kwamba akipata mtoto atamwita jina hilo hilo, ili naye ale hivyo. Mzee Mbugua alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alijaribu kusema jambo mara mbili akashindwa, na aliloweza kulisema mwishowe ni kwamba basi mjukuu wetu ana baraka za kanisani na za jikoni pia.

Saa tisa alasiri niliaga. Lilian alinisindikiza hadi Naivasha Road na mtoto akiwa amelala. Njiani akaniambia kwamba mama yake alimpigia simu jana yake akamweleza maneno ya mama Shiro, na kwamba hakulala usiku kucha.

"Nilijua umekuja kusema nini," akasema.

"Sikusema."

"Niliona."

Tulipofika kando ya barabara nilimpa ile suti ya kaunda. Aliikunjua akaiweka juu ya mtoto, ikamfunika kutoka kichwani hadi miguuni na nyingine ikabaki. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Baba, hapa kila mtu ako na Duncan yake," akasema. "Mimi Duncan nilikuwa najua kabla nikuje huku ni mmoja tu."

Nilimshika mtoto mguu, nikageuka nikaondoka, kwa sababu sikutaka muuza sumu ya panya anione nikilia.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nyumbani, viatu mkononi. Haya ndiyo niliyojifunza: jina lilitoka Uskoti, maana yake haituhusu, na anayelipa uzito ni yule anayeliita, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kuligombania kwenye ua wa watu. Mama alikuwa ameketi mlangoni akinisubiri. Aliniuliza kama nimeliondoa. Nikamwambia jina la mtoto si langu na halijawahi kuwa langu, ni la babu yake wa Gatina, ambaye naye ni Duncan. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Alimwombea yule mzee wa watu maisha marefu, kwa sauti ya mtu asiyetegemea sana, kisha akaomba ugali wake.

Consolata aliponiletea wangu nikasema siutaki. Mama akainua uso. Macho yake hayaoni vizuri lakini aliyaelekeza sawasawa kwangu.

"Umekula kwao?"

"Nimekula."

Aliubonyeza ugali kwa vidole bila kuupeleka mdomoni.

"Kwa hiyo Lilian ameolewa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mama, ameolewa.